Mkaguzi wa Ukutani

Mume wangu ni mpiga picha, na juu ya hilo sina lalamiko, maana nilimkuta na kamera shingoni siku ya kwanza nilipomwona. Lalamiko langu ni picha za watu wengine. Hizo ndizo zilizotaka kunitoa roho.

Studio yetu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele kuna kaunta, mimi, kompyuta ya kupokelea kazi, mkasi wa kukatia picha za pasipoti, na kioo ambamo kila mteja hujitazama kabla hajapigwa, akarekebisha kola, kisha akashusha pumzi. Nyuma ya pazia kuna taa, kiti kisicho na mgongo, shuka jeupe linaloning'inia nyuma ya mteja, na kompyuta ya pili. Hiyo ya pili ni ya baba watoto. Asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, hukaa hapo na kikombe cha chai akawapa watu vidonge vyao.

Watu wenyewe wako kwenye ukumbi wa picha mtandaoni unaoitwa Ukutani. Humo wamo wapiga picha wa kila aina: wa harusi, wa shule, wa magazeti, na wale waliostaafu kazi zao wakanunua kamera kwa sababu wake zao hawawataki kutwa nzima sebuleni. Sharti la Ukutani ni moja. Huruhusiwi kutundika picha yako kabla hujaikosoa ya mwenzako. Kusifu hakuhesabiwi, ni lazima utaje kasoro. Ukilisikia sharti hili unaweza kudhani wamekaa watu wenye akili wakalitunga, na labda ni kweli, lakini hawakuwafikiria wanadamu. Mwanadamu anataka kutundika yake. Kwa hiyo anatafuta kasoro isiyomuudhi mtu, anaitupa, anapita. "Safi sana, ila ungesogea kidogo." Asogee wapi, haambiwi. "Kazi nzuri, ila fremu." Fremu imefanya nini jamani? "Imetulia mno, kasoro yake ni kwamba iko moja tu." Huyo mimi ningemfukuza siku hiyohiyo.

Baba watoto hakuwa hivyo. Alikosoa kweli. Wakampa jina la Mkaguzi, na jina likamkaa. Alikuwa ananisomea alichoandika kupitia pazia, mimi huku nakata picha, na siwezi kusema uongo, nilikuwa nacheka. "Bibi harusi umemsimamisha mbele ya nguzo ya umeme, sasa nguzo imemwota kichwani. Msogeze hatua moja, ndoa yake itakuwa na amani." "Mtoto anacheka, lakini wewe umesimama juu yake kama askari jela. Piga magoti, suruali itafuliwa." Alikuwa sahihi, na watu walijifunza. Mmoja anayeitwa Machweo, kwa sababu hapigi kitu kingine ila jua likizama, alikuwa anapiga jua lenyewe tu, duara katikati. Mkaguzi akamwambia jua wote tunalo, tuoneshe kitu ambacho sisi hatuna. Tangu hapo Machweo akaanza kuweka mtu, paa, waya wa nguo. Kulikuwa na mwingine, Dada Lenzi, mwenye lenzi nyingi kuliko subira, naye alimnyoosha mpaka akanyooka. Walimwita mwalimu. Wakamwogopa kidogo, wakampenda sana, na polepole wakaacha kabisa kubishana naye.

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Mume wangu hajawahi kukaa nyumba moja na mtu asiyembishia. Nyumbani kwetu mimi nabisha, binti yetu alipokuwa hajaolewa alibisha, na wifi yangu akija kutembea anabisha tangu mlangoni, kabla hajavua viatu. Mtu wa namna hiyo ukimpa kundi zima linalosema "asante mwalimu", ataota mapembe, atake asitake.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu namna anavyotazama. Kwa kuwa tangu ujana wake amechungulia kidirisha cha kamera kwa jicho la kulia na kulifumba la kushoto, imekuwa tabia. Picha ikiwa kwenye skrini, anafumba jicho la kushoto. Ikiwa kwenye karatasi, anafumba la kushoto. Nikivaa nguo mpya nikamuuliza ninaonekanaje, anafumba la kushoto, anainamisha kichwa, ndipo anajibu. Mara ya kwanza nilidhani ananikonyeza. Niliposhaolewa nikaelewa kwamba ananikagua.

Basi, mwaka uliopita akaanza kulalamikia rangi ya njano. Mwanzoni kwa mtu mmoja mmoja. "Njano imezidi, punguza." Kisha kwa kila mtu. Halafu akaongeza ukungu. "Picha zenu siku hizi zina ukungu, sijui mnapumulia lenzi?" Kila asubuhi nyuma ya pazia ilikuwa njano na ukungu, ukungu na njano. Akasema mtandao wenyewe umeharibika. Akasema watu wamekuwa wavivu. Akabadilisha skrini, ile mpya nayo akaitukana. Na watu wa Ukutani, kwa ile heshima yao ya kijinga, wakatii. Walipunguza njano. Akawaambia bado, wakapunguza tena.

Mimi sikuwa nafungua Ukutani wakati huo. Nilichokuwa nakiona ni kazi zetu wenyewe, zinazotoka kwenye printa yetu, kwa sababu hizo nazipokea mimi, nazikata mimi, na mteja akinuna ananinunia mimi. Na kazi zetu zilikuwa zinageuka bluu. Kidogokidogo, ndiyo maana mtu hakuona haraka. Kwanza mashati meupe yakawa na ubaridi fulani. Kisha meno. Kisha ngozi. Mama mmoja alichukua picha zake za pasipoti akaziangalia, akajiangalia kwenye kioo, akaziangalia tena, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa na mteja mwingine, mgonjwa, wa kufanana naye.

"Rangi zimeharibika," nilimwambia baba watoto alipotoka nyuma.

Alichukua picha ile, akafumba jicho la kushoto. "Sasa ndiyo ziko sawa," akasema. "Zamani zilikuwa na njano."

"Huyu mama ana midomo ya bluu."

"Wewe kaa na kaunta yako, mama. Rangi niachie mimi."

Nikakaa na kaunta yangu. Lakini mimi si kipofu, na kuna mambo ya nyumbani ambayo mteja hayaoni. Alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe, kila mara upande wa kulia, kisha anamlaumu aliyenunua kikombe. Jioni alikuwa akitazama taa za barabarani anasema siku hizi zinawekwa balbu za ovyo, zina duara la ukungu kuzunguka. Ngazi za nyumbani, ambazo amezipanda miaka yote, akaanza kuzitafuta kwa mguu.

Na mimi nilimjua baba yake. Baba mkwe alikuwa mtu nadhifu, karani, shati jeupe kila siku. Miaka ile nilipoingia kwao alikuwa ameanza kumgombeza mama mkwe kwa ajili ya mashati. Mbona hayatakati, mbona yana njano, sabuni gani hii. Mama mkwe, mwanamke wa watu, akafua. Akafua tena. Akaloweka, akasugua, akaanika juani, akafua shati safi mpaka kola ikachanika, na mzee akasema bado lina njano. Lilikuwa jeupe kama maziwa. Tulimwambia wote kwamba ni macho, daktari akasema ni mtoto wa jicho, anatolewa, mtu anarudi nyumbani anaona. Mzee akasema hakuna mtu atakayemwingizia kisu jichoni akiwa hai. Basi hakikuingizwa kisu. Alikufa akiwa haoni, akiuliza kila anayeingia ni nani, na mama mkwe ndiye aliyemshika mkono kumpeleka chooni mpaka mwisho.

Kwa hiyo nilipomwambia baba watoto aende kwa daktari wa macho, tulijua wote wawili ninasema nini.

"Macho yangu ni mazima," akasema. "Ndiyo kazi yangu."

"Baba yako pia alikuwa anaona njano."

Alifunga pazia. Sijui kama umewahi kugombana na mtu anayekufungia pazia. Mlango unaweza kuupiga teke ukasikika, lakini pazia halina hata sauti. Nilibaki nimesimama na mkasi mkononi kama mjinga, nina hasira mpaka masikio yanawaka, na chini ya hasira nina hofu. Sikutaka kumshika mtu mkono kumpeleka chooni. Nasema wazi. Nampenda, na sikutaka.

Kilichonimaliza ni mwalimu mkuu. Kwenye shule ya hapo jirani alikuwa anastaafu mwalimu mkuu wao, mtu mzito, anayeheshimika, na walitaka picha yake kubwa ya kutundika ukumbini. Baba watoto alimpiga vizuri sana. Mkao mzuri, mikono imetulia, uso una ile huruma ya mwalimu aliyechoka. Kisha akairekebisha rangi. Baada ya siku chache mwalimu mkuu akairudisha, yeye mwenyewe, ameibeba kwapani imefungwa kwa gazeti.

"Sina neno na picha," akaniambia, kwa adabu zote. "Ila mke wangu ameuliza kama nilipigwa nikiwa hai."

Nilidhani hapo mume wangu atasikia. Sivyo. Alisema mke wa mwalimu hajui picha. Akaipeleka Ukutani, aitundike, wanaojua waseme. Na wanaojua wakasema. "Mwalimu, hapa hakuna cha kuongeza." "Kasoro pekee ni kwamba tunajisikia vibaya kutundika zetu kando ya hii." Dada Lenzi akaandika kwamba rangi imemfanya atafakari. Baba watoto alinisomea yote kupitia pazia, sauti imepanda, na mimi nikiwa kaunta nimemweka mwalimu mkuu mwenyewe mbele yangu, mita moja kwa nusu, bluu kama aliyetolewa kisimani. Walikuwa wanamvisha mume wangu kilemba cha ukoka, na yeye anainamisha kichwa kikae vizuri.

Hapo nikafungua kompyuta ya kaunta nikajiunga na Ukutani. Jina nililojipa ni Mgeni. Kuingia si kazi, wanakuuliza kamera gani unatumia, nikaandika ya mume wangu. Na kwa mara ya kwanza nikautazama ukumbi wenyewe. Nilikaa mdomo wazi. Watu wote walikuwa bluu. Maharusi bluu, watoto wachanga bluu, bibi kizee mmoja anamenya viazi, viazi bluu. Machweo, aliyejengwa kwa rangi ya chungwa, alikuwa ametundika jua la kuzama lililofanana na maji ya beseni baada ya kutia bluu ya kufulia. Chini yake alikuwa ameandika, "Nimepunguza njano kama ulivyoagiza, mwalimu." Na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenzake, jamani, tunakwenda wapi?

Nikaandika chini ya picha ya mwalimu mkuu. "Mkao mzuri, mwanga mzuri. Ila huyu mzee ana midomo ya bluu. Mtu mwenye midomo hii hukimbizwa hospitali, hapigwi picha. Aliyerekebisha rangi hii macho yake yana shida."

Hazikupita dakika nyingi wakanishukia. Dada Lenzi akaniambia huku tunaheshimiana. Machweo akauliza kama najua naongea na nani. Nilijua vizuri sana, nimemfulia soksi. Kisha pazia likafunguka na baba watoto akatoka, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Mama, njoo uone mtu huyu."

Nikajitia hamnazo. Nikafunga ukurasa wangu, nikaenda nyuma, nikasoma maneno yangu mwenyewe kwenye skrini yake kama ndiyo kwanza nayaona.

"Mtu huyu hana adabu," akasema. "Nataka kumjibu. Niandike mjinga, au mbumbumbu?"

"Mjinga inatosha," nikamwambia. Nilimsaidia kuandika jibu. Nilimrekebishia hata sentensi moja, ilikuwa imezidi urefu. Nikarudi kaunta nikafungua ukurasa wangu, nikajisoma nilivyotukanwa, nikajijibu.

Tuliendelea hivyo kwa siku kadhaa. Ukisimama mlangoni mwa studio yetu ungeona mke na mume wametulia kila mtu kwenye kazi yake, wanabofya. Katikati yetu pazia. Nikiandika, nasikia nyuma kiti kinalia. Akiandika, nasikia vidole vinagonga kwa hasira, kisha kikombe kinawekwa chini kwa kishindo, kisha jibu linatokea mbele yangu. Mteja akiingia naacha, nahudumia, narudi. Aliniambia Mgeni hajui nyeupe ni nini. Nikamwambia mashati ya mwalimu mkuu hayajawahi kuwa rangi ile hata siku ya kwanza dukani. Akaniambia skrini yangu ni mbovu. Nikamwambia mke wa mwalimu hana skrini, ana mume. Watu wa Ukutani walikuwa wanasoma wakimshangilia, na kila walivyomshangilia ndivyo nilivyozidi kupandwa na hasira, si kwake tena, kwao. Walikuwa na macho. Mtu anatembea kuelekea kwenye shimo, wao wamejipanga pembeni wanampigia makofi kwa mwendo mzuri.

Nyumbani hakunitajia Mgeni hata kidogo, jambo ambalo nililiona la ajabu, maana huwa analeta ugomvi wa Ukutani mpaka mezani. Mara moja nilimkuta ananitazama, macho yote mawili wazi.

Siku ile ilipofika, sikuwa nimepanga. Alikuwa ameandika maelezo marefu juu ya nyeupe, jinsi jicho la mpiga picha linavyofundishwa, jinsi yeye alivyolifundisha la kwake miaka yote hii. Nikaandika bila kufikiri. "Umelifundisha moja. Lile jingine umelifumba tangu ujana. Hebu fumba la kulia leo, utazame kwa la kushoto."

Kiti kililia nyuma. Nikasubiri vidole vigonge. Havikugonga. Pazia likafunguka, akasimama pale, amelishika kwa mkono mmoja.

"Sikia anavyoniambia," akasema. Lakini hakuwa amekasirika. "Eti nifumbe la kulia."

"Si ufumbe tu," nikamwambia, naikata picha ambayo nilishaikata. "Fumba, umnyamazishe."

Kisha akageukia lile shuka jeupe, lile la nyuma ya mteja, ambalo taa zilikuwa zinalimulika. Akafumba jicho la kushoto, kama kawaida yake. Akatazama. Akafumbua. Akafumba la kulia. Hilo lilikuwa gumu kwake, uso ulimkunjamana, jicho halikuzoea, ikabidi alifunike kwa kiganja. Akatazama. Akahamisha kiganja. Akakirudisha. Akahamisha tena. Alifanya hivyo mara nyingi, wala sikuwa nahesabu, nilikuwa nashikilia kaunta.

"Hili shuka umelifua lini?" akauliza.

"Jana."

"Kwa sabuni gani?"

Na yeye akasikia alichouliza. Nilimwona anasikia. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, chini ya taa zake mwenyewe, kiganja bado kiko kwenye jicho la kulia, mtu mzima, mgongo umeinama.

"Mama alilifua lile shati mpaka likachanika," akasema.

"Nakumbuka."

"Lilikuwa jeupe."

"Lilikuwa jeupe, baba."

Nililia, nasema wazi, ingawa nilijifanya nimeinama kutafuta mkasi, na mkasi ulikuwa mkononi.

Alipoinuka alikwenda kwenye kompyuta, akafungua Ukutani, akautazama wote kwa jicho la kushoto. Nilisimama nyuma yake. Alipita picha moja baada ya nyingine. Maharusi wale. Watoto wale. Alipofika kwenye jua la Machweo akatoa sauti ndogo kooni. "Na huyu naye akakubali," akasema. "Jua linazama bluu, na akakubali."

"Ulimwagiza."

"Ningemwagiza aruke kutoka ghorofani je?"

"Angekuuliza ghorofa ya ngapi, mwalimu."

Alicheka kidogo, vibaya. Kisha akaandika. Hakuniomba neno hata moja safari hii. Alirudi kwenye picha yake ya mwalimu mkuu akaikosoa yeye mwenyewe, kwa jina lake, kwa ukali uleule aliowatumia wengine. Aliandika kwamba rangi ni mbaya, kwamba mtu hai amefanywa maiti, kwamba aliyeirekebisha alikuwa na jicho bovu na kiburi kizima. Aliandika kwamba amewapotosha kwa muda mrefu, anaomba radhi, warudishe rangi zao zote. Akamaliza kwa kuwaomba waseme waziwazi wanachokiona. Akabonyeza. Akafumbata mikono kifuani, akasubiri, na mimi nikasubiri naye, roho imeanza kunitulia kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Majibu yakaja. Ninayakumbuka kwa sababu yaliniondolea kabisa imani na watu wenye kamera.

"Unyenyekevu gani huu, mwalimu. Mimi naona rangi iko sawa kabisa."

"Bluu inaleta utulivu. Ulitufundisha mwenyewe kwamba njano ina kelele."

"Midomo ya bluu inaonesha uzito wa miaka ya ualimu."

Dada Lenzi aliandika kwamba amesoma huku machozi yakimtoka, na kwamba picha ni ileile, bora kuliko zote. Na Machweo, mwanafunzi wake wa kwanza, yule aliyemtoa kwenye duara akamfikisha kwenye paa na waya wa nguo, akaandika, "Mwalimu, tumekushtukia. Huu ni mtihani, unatupima kama tumeelewa. Mimi sibadilishi kitu." Chini yake wakajipanga kumpongeza Machweo kwa kuwa mjanja.

Baba watoto alisoma. Akaandika tena, kwa ufupi, kwamba si mtihani. Wakamjibu kwamba ndivyo mtihani unavyosemaga. Akaandika kwamba haoni vizuri. Mmoja akamjibu kwamba msanii wa kweli haoni kwa macho. Hapo akapiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaruka.

"Watu gani hawa?" akasema. "Ninawaambia sioni. Wananiambia hapana, unaona."

"Ndivyo walivyokuwa wanakwambia tangu mwanzo."

"Wangeniacha nipofuke wananisifu."

Nilikuwa na maneno mengi ya kusema, mengine nilikuwa nimeyahifadhi tangu siku aliyonifungia pazia, na nikayaacha yalale. Mlango wa mbele ulilia, akaingia kijana anataka picha za kitambulisho. Nikamwambia akae kidogo. Baba watoto alikuwa amezima kompyuta. Alitoa miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akanitazama kwa jicho la kushoto.

"Kesho nakwenda kwa daktari," akasema, kwa sauti ya chini ili mteja asisikie. "Nitakwenda na yule Mgeni wako. Mwambie ajiandae mapema."

"Mgeni gani?"

"Yule ambaye kila mlango ukilia hapa, anaacha kunitukana."

Sikuwa na pa kuficha uso. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu siku ya pili. Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kubishana. Alinijibu huku anatazama lile shuka.

"Mle ndani hakukuwa na mwingine wa kubishana naye," akasema. "Kesho daktari ataniuliza ninaona nini. Nitaogopa kile kisu, mama, nitamwambia naona kila kitu. Nataka awepo mtu wa kunikatalia."

Nilirudi kaunta nikamwambia kijana kwamba picha zake atazipata keshokutwa, kwa sababu kesho hatufungui. Kisha nikatafuta kile kibao cha "Tumefunga" chini ya droo, nikakipangusa vumbi.